Kuhifadhi Kumbukumbu ya Seva Pepe Baada ya Kiini Kukwama: Maelezo na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kumbukumbu ya seva pepe katika kompyuta kuu inavyohifadhiwa baada ya kiini cha mfumo endeshi kukwama. Hoja yake ni kwamba mfumo uliokwama hauaminiki kuandika habari za kukwama kwake, na kwamba istilahi ya Kiswahili haina budi kuzingatia kazi hiyo ya kutunza ushahidi.

1.0 Utangulizi

Kyimo ni kata ya Wilaya ya Rungwe, kando ya barabara ya Tukuyu hadi Mbeya. Katika eneo hilo la volkeno, mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe wa takriban miaka 4,000 iliyopita uliacha tabaka la mawe mepesi ambalo wanajiolojia hulisoma hadi leo. Kumbukumbu kuu ya kompyuta haiachi tabaka la namna hiyo. Seva ikiwashwa upya, yaliyomo hupotea, na chanzo cha hitilafu hupotea pamoja nayo. Hivyo, fundi anayeharakisha kurejesha huduma aweza kuwa ndiye anayeufuta ushahidi.

2.0 Seva Pepe na Msimamizi Wake

Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Mrithi wake wa leo ni z/VM. Mfumo huu huigawa mashine moja kuwa seva nyingi, kila moja ikijiona kana kwamba ina mashine yake peke yake. Tangu mwaka 1999, Linux nayo imewezeshwa kufanya kazi katika kompyuta kuu za kampuni hiyo. Faida ya mpangilio huu ni kwamba seva moja ikikwama, msimamizi aliye chini yake hubaki hai na aweza kuiona kumbukumbu yake yote.

3.0 Njia Tatu za Kuhifadhi

Njia ya kwanza ni amri ya VMDUMP. Msimamizi mwenyewe huandika kumbukumbu ya seva katika hifadhi yake ya muda. Haihitaji diski iliyotayarishwa, lakini ni ya polepole seva inapokuwa na kumbukumbu kubwa.

Njia ya pili hutumia diski iliyotayarishwa mapema kwa programu ya zipl. Baada ya ajali, hali ya rejista huhifadhiwa, kisha seva huwashwa kutoka katika diski hiyo. Programu ndogo iliyomo huinakili kumbukumbu bila kukitegemea kiini kilichokwama.

Njia ya tatu ni kdump, iliyofika katika kompyuta hizi mwaka 2012. Sehemu ya kumbukumbu hutengwa tangu mwanzo, na ndani yake hukaa kiini cha pili. Cha kwanza kikikwama, cha pili hushika usukani, huchuja kurasa zisizohitajika na kuandika zilizobaki. Kiini hicho nacho kikishindwa, njia ya pili hubaki kuwa kimbilio.

Katika njia zote tatu, mwandishi si yule aliyekwama. Kiini kilichoharibika kikiachiwa kuandika diskini, chaweza kuharibu hata data zilizosalimika.

4.0 Suala la Istilahi

Mwaka 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, istilahi za ndani ya mfumo endeshi zina ugumu wake. Neno la Kiingereza linalotumika hapa lina ndugu yake katika Kiswahili, yaani “dampo”. Lakini mwanafunzi wa Kyimo akisoma “dampo la kumbukumbu” ataelewa mahali pa kutupia taka, ilhali linalofanyika ni kinyume cha kutupa. “Nakala hifadhi” nayo haifai, kwani hiyo huchukuliwa mfumo ukiwa mzima ili urejeshwe baadaye. Inapendekezwa “nakala ushahidi”: nakala inayochukuliwa wakati wa ajali ili isomwe.

5.0 Hitimisho

Istilahi hiyo inabeba pia wajibu. Nakala ushahidi huweza kuwa na nywila na habari za siri za watu zilizokuwamo katika kumbukumbu wakati ule. Anayeiona kuwa taka ataiacha ovyo. Anayeiona kuwa ushahidi ataitunza, ataisoma, kisha ataiteketeza kwa utaratibu.