Imani Mbele ya Ushahidi: Mvua, Unabii na Kiapo cha Ukambani

Imani ya dini haipimwi yote kwa kipimo kimoja, kwa kuwa haisemi jambo moja. Muumini anayesema kwamba Mungu yupo, kwamba mvua ilinyesha kwa sababu watu waliomba, na kwamba mwaguzi wa zamani aliiona reli kabla haijajengwa, ametoa madai matatu yenye tabia tofauti. La mwisho linachunguzwa kama habari yoyote ya historia. La katikati linapimika, ila kwa taabu. La kwanza limewashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi. Kaunti za Kitui na Makueni, katika Ukambani nchini Kenya, zina mifano ya yote matatu.

Mfano mwepesi kuliko yote umesimama karibu na mji wa Kitui. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba atakayelizunguka jabali la Nzambani mara saba atageuka jinsia, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Masimulizi hayo yametaja kitendo, idadi na matokeo, kwa hiyo yametaja pia namna yanavyoweza kushindwa. Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu alichotoa mwaka 1934, aliifanya sifa hiyo kuwa alama ya sayansi: dai la kisayansi ni lile linalojiweka mahali pa kuweza kukanushwa. Kwa kipimo hicho, hadithi ya Nzambani inapimika vizuri kuliko mahubiri mengi.

Unabii unataka uangalifu zaidi. Wakamba humkumbuka Syokimau, mwanamke mwaguzi anayesemekana kutabiri ujio wa watu wenye ngozi kama nyama, waliobeba moto mfukoni, pamoja na nyoka mrefu atakayelala kutoka maji mpaka maji. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Kibwezi na Makindu katika Makueni ya leo, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Jina la Syokimau liko hata kwenye kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2012 nje kidogo ya Nairobi.

Hata hivyo, anayetaka ushahidi ana maswali mawili. Kwanza, je, maneno hayo yaliwekwa mahali popote kabla ya 1896? Simulizi lililosimuliwa baada ya tukio hupata nafasi ya kufanana na tukio lenyewe, hata kama hakuna mtu aliyekusudia kudanganya. Pili, je, habari hizo hazingeweza kufika kwa njia ya kawaida? Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi pwani kwa miongo mingi katika karne ya 19, na wasafiri hao walirudi na habari za Wazungu na vitu vyao. Kwa hiyo hata unabii uliosemwa mapema ungebaki na mlango wa maelezo mengine.

John Mbiti ameliongezea jambo hili uzito. Mwanatheolojia huyo, aliyezaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, na katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, akadai kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazikuwa na wakati ujao wa mbali. Dai hilo nalo linapimika, na wasomi wengi wamelipinga. Kama Syokimau alitabiri jambo la miaka mingi mbele, Mbiti ana kesi ya kujibu. Kama Mbiti yuko sahihi, huenda unabii ulipata sura yake ya sasa baada ya reli kufika. Ni vigumu kushika yote mawili bila kulegeza moja.

Haifai, lakini, kuudharau ushuhuda wa mdomo. Tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa London, alizikataa habari za theluji karibu na ikweta, naye ndiye aliyekosea. Anayedai ushahidi anaweza kuwa ndiye anayeukataa. Tofauti ni kwamba theluji ile ilibaki pale pale kwa yeyote atakayekwenda kuitazama, na unabii haurudiwi.

Kuhusu mvua, suala ni zito, kwa sababu katika nchi kavu ya Ukambani mvua ndiyo chakula. Mkulima wa Kitui au Makueni hutegemea hasa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha masika ya Machi hadi Mei. Zamani wazee walikutana kwenye ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa, wakatoa sadaka; kilumi, ngoma inayochezwa hasa na wanawake, ilipigwa pia kwa ajili ya mvua. Leo makanisa hufanya maombi, na Waislamu husali sala ya kuomba mvua. Nia ni ile ile.

Tarehe 14 Februari 2023, baada ya misimu mitano mfululizo kushindwa, Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Siku chache baadaye ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD, kilitabiri kwamba masika yangekuwa chini ya wastani katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika. Mwezi Machi mvua ikanyesha, na mahali pengine ikaleta mafuriko.

Je, huo ni ushahidi? Anayejibu kwamba Machi ni mwezi wa mvua amesema kweli, lakini hajamaliza, kwa kuwa misimu mitano ilikuwa imepita bila mvua ya kutosha na wataalamu walitarajia ukame uendelee. Anayejibu kwamba Mungu alisikia ana kazi kubwa zaidi. Watu waliomba pia katika ile misimu mitano, na maombi yaliyofuatwa na jua kali lazima yahesabiwe pamoja na yale yaliyofuatwa na mvua. Tena hali ya La Niña, iliyohusishwa na ukame huo, ilikuwa inaisha mwanzoni mwa 2023. Tukio moja, hata liwe la kugusa moyo namna gani, halitenganishi sababu hizi. Kinachohitajika ni misimu mingi, tarehe za maombi zilizowekwa bila kutazama dalili za mawingu, na hesabu isiyoficha kushindwa. Hapo pana ugumu wa kweli, kwa sababu mtu huombea mvua wakati anapoitarajia.

Watafiti walijaribu hesabu ya namna hiyo hospitalini. Mwaka 2006 kikundi kilichoongozwa na daktari Herbert Benson wa Marekani kilitoa matokeo ya wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo. Kati ya wale wasiojua kama wanaombewa, matatizo baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 52 ya walioombewa na asilimia 51 ya wasiopangiwa maombi na utafiti huo. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa walipata zaidi, asilimia 59. Waumini wengi walijibu kwamba Mungu si mashine na kwamba Biblia inakataza kumjaribu. Jibu hilo lina uzito, ila lina gharama: asiyekubali utafiti huu uhesabiwe dhidi ya maombi hana haki ya kuihesabu mvua ya Machi upande wake. Na Biblia hiyo hiyo inamsimulia Eliya akiweka jaribio la hadhara mlimani Karmeli, moto ukashuka, kisha mvua ikavunja ukame.

Panapokuwa na uhai wa mtu, kupima ni wajibu. Mwaka 2011 umati ulimiminika Samunge, Loliondo, Tanzania, Wakenya wakiwemo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyesema Mungu alimwonyesha tiba ya UKIMWI na kisukari. Dai la kuponya virusi hujibiwa na kipimo cha damu, na mgonjwa aliyeacha vidonge vyake kabla ya kupima alihatarisha maisha.

Kithitu, kiapo kikali cha Wakamba, kinafundisha jambo jingine. Katika ugomvi wa ardhi, deni au mauaji, wahusika huapa, na inaaminika kwamba mwongo atakufa, yeye au jamaa zake. Kifo hufika kila ukoo. Muda usipowekwa, msiba wowote utahesabiwa kuwa hukumu, na kiapo hakitashindwa kamwe. Lakini hofu ya kithitu ni ya kweli kabisa: mwenye hatia anaweza kukiri kabla ya kuapa. Huo ni ushahidi wa nguvu ya kuamini, nao hausemi lolote kuhusu nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachoapiwa.

Tofauti hiyo inahusu pia Mungu mwenyewe, anayeitwa Mulungu au Ngai Ukambani. Katika kitabu cha mwaka 1970 Mbiti alikusanya mafundisho kuhusu Mungu kutoka jamii nyingi za Afrika. Mwaka huo huo Mganda Okot p'Bitek aliwashambulia wasomi wa aina yake kwa kuivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani. Ugomvi wao unaweza kuamuliwa kwa ushahidi, yaani sala, sadaka, majina na lugha, maana ni juu ya kile watu walichoamini. Kama wanachoamini ni kweli ni swali la pili. Mwaka 1950 mwanafalsafa Antony Flew wa Uingereza alisema kwamba imani isiyokubali tukio lolote liihesabie hasara haina maudhui. Mwaka 2004 yeye mwenyewe alitangaza kwamba hoja kuhusu asili ya uhai zimemfanya akubali kuna muumba wa namna fulani. Mwanafalsafa John Hick alikuwa amelijibu dai lile la kwanza la Flew kwa njia nyingine: imani ya Kikristo inahusu maisha baada ya kifo, kwa hiyo ikiwa kweli itathibitishwa huko. Ikiwa si kweli, hatakuwapo mtu wa kuligundua hilo.