Deni la Majani Chai na Samansi Isiyofika

Mkulima wa Sigowet, kaunti ya Kericho, aliyemuuzia broka majani chai asilipwe hahitaji wakili ili kufungua kesi. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inamruhusu ajisimamie. Mahakama hiyo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa.

Kwanza, jiulize unadai kama nani. Aliyeuza chai, mahindi au ng'ombe ana dai la mauzo, na hapa ndipo mahali pake. Mchumaji anayedai mshahara ni mfanyakazi, na masuala ya ajira hayasikizwi humu. Mahakama ya Ajira na Leba ina kituo Kericho. Mzozo wa umiliki wa shamba nao una mahakama yake. Inauma kuona mtu mwenye haki akirudishwa nyumbani kwa sababu alikosea mlango.

Fomu ya dai yenyewe si ngumu: nani anadaiwa, kiasi gani, kwa nini. Ambatanisha risiti za mzani na jumbe za M-Pesa. Hakimu hafungwi na kanuni kali za ushahidi, hivyo daftari la kilo ulizopeleka, likiwa na tarehe, lina uzito. Tangu Machi 2024 kesi huwasilishwa kwa mtandao kote nchini. Ukikwama, uliza kwenye masjala ya mahakama.

Kazi kubwa huja baada ya hapo: kumfikishia mdaiwa samansi na nakala za dai. Hakimu hawezi kumhukumu mtu ambaye hakujulishwa, hata deni lako liwe wazi namna gani. Kwa hiyo kabla hujafungua kesi, hakikisha una jina kamili la mdaiwa. "Broka wa Sondu" si jina la mtu, na namba ya simu iliyozimwa si anwani. Nakala zikishamfikia, hati ya kiapo ya kuthibitisha hilo ieleze nani alizipeleka, wapi, siku gani, saa ngapi, na mdaiwa alitambuliwaje. Akikataa kutia sahihi, hilo pia liandikwe. Mdaiwa ambaye hakupata karatasi anaweza kuomba hukumu ifutwe, na ukaanza upya.

Ukishinda, pesa hazitumwi na mahakama. Mdaiwa asipolipa, utaomba amri ya utekelezaji, na hapo utaulizwa ana mali gani na iko wapi. Anza kuchunguza hayo mapema, wakati ungali unakusanya risiti.