Mwalimu wa fildi na kishikwambi: Hofu inatoka wapi, na pa kuanzia ni wapi

Mwalimu tarajali anayekwenda fildi kwa mara ya kwanza ana hofu mbili. Ya kwanza ni mkufunzi wa chuo, ambaye siku ya tathmini hukaa dawati la nyuma na fomu yake. Ya pili haisemwi sana: wanafunzi ambao huenda wanaijua simu kuliko yeye.

Ndiyo maana wengi hubaki na chaki. Si uvivu. Kifaa kikigoma mbele ya wanafunzi 70, mwalimu mgeni anaaibika na alama zinaondoka.

Lakini kukwepa kunazidi kuwa kugumu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu Tanzania. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) nayo imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, bure. Kifaa kipo. Kazi ni kujua utakifanyia nini.

Slaidi si somo

Wengi huanza kwa kuhamisha nukuu za ubaoni kwenda kwenye slaidi. Projekta inawaka, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kilichobadilika ni ukuta tu.

Peru iligawa kompyuta zaidi ya milioni 1 shuleni. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 inasema ujifunzaji haukupanda, kwa kuwa mashine hazikuunganishwa na ufundishaji wenyewe.

Punya Mishra na Matthew Koehler wa Michigan State University walilieleza jambo hili mwaka 2006 kwa mfumo unaoitwa TPACK. Mwalimu anahitaji kulijua somo, kujua kufundisha na kukijua kifaa. Zaidi ya hapo, na hapa ndipo ishu ilipo, ajue vitatu hivyo vinakutanaje ndani ya mada moja.

Chukua mada ya sakiti za umeme, kwenye shule isiyo na ammita za kutosha. Kuna PhET, majaribio ya kuigiza ya sayansi yaliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika University of Colorado Boulder. Ni bure, na mengi ukishayapakua yanafanya kazi bila intaneti. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, jambo zito kwa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sasa anakutana na Fizikia kwa Kiingereza.

Sasa, mwalimu akiwasha kishikwambi na kuonyesha balbu inawaka, ameonyesha sinema. Afadhali aanze na swali: balbu mbili zimeungwa kwa mfuatano, ukichomoa moja, nyingine itafanyaje? Kila mtu aandike jibu daftarini, abishane na jirani, ndipo kifaa kiguswe. Baadaye waziunge sambamba, waone jibu linavyogeuka. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini taa ya chumbani ikiungua, ya sebuleni haizimiki.

Kishikwambi kimoja kwa watu 70? Kinazunguka kwa makundi, wanaosubiri wanachora sakiti. Inakula muda, kwa hiyo kwa kipindi cha dakika 40 swali moja au mawili yanatosha kabisa.

Bando, chaji na simu za wazazi

Kila kitu kipakuliwe kabla, pale penye mtandao mzuri, na kijaribiwe kwenye kifaa kilekile kitakachoingia darasani. Andalio la chaki liwe tayari pembeni, maana umeme haupigi hodi ukiondoka.

Kazi za nyumbani kwa WhatsApp zinahitaji tahadhari. Wanafunzi hawaruhusiwi kubeba simu shuleni, hivyo kazi inategemea simu ya mzazi. Asiye na simu janja nyumbani anaachwa, na mara nyingi hatasema.

Na wale wanaojua kifaa kuliko mwalimu? Wapewe kazi ya kukiendesha. Mwalimu abaki na maswali, ambayo ndiyo sehemu yake.

Mkufunzi naye haji kukagua kifaa. Kwenye andalio anatafuta umahiri ambao wanafunzi wataujenga. Kishikwambi kinaandikwa kwenye safu ya zana, palepale zinapoandikwa manila na betri kuukuu.