Mawimbi, Ubongo na Madai Yasiyopimwa

Mkazi wa Kibaha au Kisarawe huishi usiku na mchana katikati ya mawimbi ya sumakuumeme, yaani mitetemo ya umeme na sumaku inayosafiri kwa kasi ya mwanga bila kuhitaji waya wala hewa ili ifike iendako. Minara ya simu hutoa mawimbi hayo, redio na televisheni huyapokea, nyaya za treni ya umeme inayopita Soga na Ruvu tangu mwaka 2024 zina uga wa umeme na sumaku, na jua, ambalo ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote, huyamwaga kila siku juu ya vilima vya Pugu na bonde la Ruvu. Kwa kuwa mengi ya mawimbi hayo hayaonekani, na kwa kuwa ubongo nao hufanya kazi kwa umeme, imekuwa rahisi kwa wenye bidhaa za kuuza, na hata kwa watu wenye nia njema, kudai kwamba mnara unaharibu akili, kwamba mashine fulani husoma ubongo kupitia kiganja, au kwamba kidani fulani humkinga mvaaji. Madai hayo hayapaswi kukubaliwa wala kukataliwa kwa mazoea, bali kupimwa.

Kipimo cha kwanza ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Umeme wa majumbani hutetemeka mara 50 kwa sekunde, mawimbi ya simu mara mamia ya mamilioni hadi bilioni chache, mwanga mara mamia ya trilioni, na eksirei zaidi ya hapo. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo nguvu ya kila chembe ya mawimbi inavyoongezeka, na ndiyo maana wataalamu hutenganisha mionzi ayonisha, kama eksirei, yenye uwezo wa kung'oa elektroni katika atomu na kudhuru chembe za urithi, na mionzi isiyoayonisha, kama ile ya simu, ambayo nguvu ya chembe yake ni ndogo takriban mara milioni moja kuliko inayohitajika kufanya hivyo. Athari ya mawimbi ya simu iliyothibitishwa vizuri ni kupasha joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa chini sana ya kiasi kinachoweza kudhuru. Hapa nchini, usimamizi wa mionzi uko mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003.

Kipimo cha pili ni umbali, na hapa hofu nyingi huelekezwa pasipostahili. Mawimbi hupungua nguvu kwa haraka kadiri yanavyosambaa, kiasi kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Kwa hiyo simu iliyobanwa sikioni humfikishia mtumiaji mawimbi mengi kuliko mnara ulio mamia kadhaa ya mita kutoka kwake. Zaidi ya hayo, simu huongeza nguvu zake pale mtandao unapokuwa hafifu, kama mtu anayelazimika kupaza sauti ili asikike mbali. Mwanakijiji wa Kisarawe anayefurahia kwamba mnara uko mbali naye anaweza kukuta simu yake mwenyewe ndiyo inayotoa mawimbi mengi zaidi.

Mara nyingi hutajwa kwamba mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli, lakini kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi dhidi yake ni mdogo, na baadaye liliongezewa hata dondoo la jani zima la mshubiri. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliopitia tafiti 63, na haukupata uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo.

Wapo pia watu wanaoumwa kichwa au kukosa usingizi na kuamini kwamba chanzo ni mawimbi. Maumivu yao ni ya kweli na hayafai kudharauliwa. Hata hivyo, majaribio 46 yaliyohusisha zaidi ya watu 1,100 wa namna hiyo, ambapo mshiriki na mpimaji wote hawakujua kama mawimbi yamewashwa au yamezimwa, hayakuonyesha ushahidi thabiti kwamba mawimbi ndiyo yaliyoleta dalili hizo, kwa kuwa zilijitokeza hata pale ambapo hapakuwa na mawimbi yoyote. Hofu yenyewe inaweza kuumiza mwili, na anayeieneza bila ushahidi anaeneza ugonjwa.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni mashine inayojulikana mitaani kama kipimo cha mwili mzima, yenye jina la kwantamu. Mteja hutajiwa gharama, huulizwa jina, umri, jinsia, urefu na uzito, kisha hushika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta kwa takriban dakika moja, na baada ya hapo hupewa karatasi zinazoeleza hali ya ini, figo, mifupa na ubongo. Umeme wa ubongo ni mdogo mno, wa makumi ya sehemu za milioni ya volti, na tangu Hans Berger wa Ujerumani alipourekodi kwa binadamu mwaka 1924, njia ya kuupima kutoka nje ya fuvu imekuwa kubandika vipokezi kichwani na kumtuliza mgonjwa ili misuli isiuvuruge. Kijiti kilichoshikwa kiganjani hakiwezi kuufikia. Kinachoweza kubadilika hapo ni jasho la kiganja, na mengine huenda yakatokana na umri na uzito ambavyo mteja amevitaja mwenyewe.

Vidani na bangili zinazodaiwa kuzuia mawimbi ya mtandao wa simu wa 5G nazo zimepimwa. Desemba 2021, mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia ilitangaza kwamba bidhaa kumi za aina hiyo zilikuwa zikitoa mionzi ayonisha, ikawataka waliokuwa nazo waache kuzivaa. Aliyezinunua ili akimbie mionzi isiyoayonisha alijivika ile inayoogopwa na wataalamu.

Hasara ya madai haya si fedha pekee. Mwenye kifafa, shinikizo la damu au dalili za kiharusi anapopoteza wiki akitafuta kinga ya mawimbi, hupoteza muda ambao Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au kituo cha afya kilicho karibu naye wangeutumia kumwokoa. Kwa hiyo kila anayeletewa dai la namna hii aulize: ni mawimbi ya masafa gani na nguvu kiasi gani, yanaufikia ubongo kwa njia ipi, nani amelipima bila kufaidika na mauzo, na je, kifaa hiki kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo asilipwe hata shilingi, na mwenye kuumwa aende hospitali.