Majeraha ya Moyo

Mji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, umeona mengi. Mwaka 1961 askari 13 wa ndege kutoka Italia, waliokuwa wakiutumikia Umoja wa Mataifa, waliuawa pale. Mwaka 1964 waliingia Simba. Mwaka 1998 vita ikarudi. Lakini bunduki zikinyamaza, moyo hautulii upesi. Huyu huamka usiku akipiga kelele. Yule haipiti tena njia fulani. Mwingine hushtuka mlango ukigongwa. Na mwingine hana tena furaha wala huzuni, hata mbele ya mwanawe. Jirani husema: amerogwa, au ana kiburi.

Sivyo. Ni ugonjwa, nao ulipewa jina lake katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Dalili zake ni nyingi. Je, zipi huenda pamoja? Hapa hesabu yatusaidia. Kila mama ajua kwamba homa, kutetemeka na kichwa kuuma vikija pamoja, huenda ni malaria, ingawa malaria yenyewe haioni. Vivyo hivyo wataalamu huwauliza watu wengi maswali yale yale, hulipa kila jibu namba kwa kadiri ya uzito wake, kisha hutazama namba zipi hupanda na kushuka pamoja. Hizo ni fungu moja.

Kitabu cha mwaka 1994 kilikuwa na dalili 17 katika mafungu 3. Kukwepa mambo yanayokumbusha msiba, na moyo kufa ganzi, viliwekwa fungu moja. Mwaka 1998 hesabu ya majibu ya wanajeshi wa zamani wa Marekani ilionyesha kwamba hayo ni mambo mawili. Mwaka 2013 kitabu kipya kikayatenga, kikawa na mafungu 4 na dalili 20.

Jambo hili latuhusu. Anayekwepa njia aweza bado kuwafurahia wanawe; aliyekufa ganzi aweza kupita kila njia, na hakuna amwonaye kuwa mgonjwa. Tena, maswali yaliyopimwa ugenini yapasa kupimwa upya katika lugha zetu.

Dawa ipo. Katika vijiji 15 vya Kivu, wanawake 405 waliofanyiwa ukatili walisaidiwa na Wakongo wenzao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: waliopata tiba ya mazungumzo kwa vikundi walipona zaidi kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida.

Basi tusali pamoja na mgonjwa, tena tumfikishe kwa mganga. Bwana Mfufuka hakuyaficha majeraha yake mbele ya Tomaso. Nasi tusiwaonee haya wenye majeraha.