Maji ya Kufulia Yapite Kwenye Udongo

Mto Soni hushuka kutoka milima ya Usambara huko Lushoto, Tanzania, ukaanguka kwenye maporomoko ya Soni, ukafika Mombo ambako wakulima wa mpunga huuchepusha mashambani, kisha ukaingia Mkomazi na hatimaye Pangani. Upande wa pili wa milima hiyo, Umba huteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Vanga, nchini Kenya. Kwa hiyo maji ya sabuni yanayomwagwa mtaroni huku juu yana wenyewe wanaoyapokea huko chini. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba maji hayohayo, yakimwagwa hatua chache kando kwenye udongo wenye mimea, hupoteza sehemu kubwa ya madhara yake. Kinachoumiza mto zaidi ni njia ya mkato tunayoupa uchafu kuliko uchafu wenyewe.

Udongo mwekundu wa Usambara una chuma na alumini kwa wingi, na madini hayo hung'ang'ania fosfati. Mkulima huliona hilo kama hasara, maana mbolea yake ya kupandia huganda ardhini kabla mahindi hayajaifaidi. Kwa mto ni faida tupu: fosfati iliyokwama chini ya mgomba hailishi mwani bwawani. Bakteria wa udongo nao huvunjavunja sabuni na mafuta ya vyombo, ila wanahitaji hewa na muda. Mtaro wa saruji kwenye mteremko hauwapi hata kimoja. Masika ikianza, kila kilichorundikana humo tangu kiangazi, majivu, mavi ya kuku, vifuko vya dawa, hufika bondeni kwa mkupuo mmoja.

Kuna wanaosema nyumba zinaonewa, kwamba wachafuzi halisi ni mashamba ya kabichi na nyanya. Kwa kipimo wana haki, lakini Lushoto nyumba na shamba havitenganiki: bomba la kupulizia dawa hulala nyumbani, na anayelisuuza kijitoni jioni ndiye baba mwenye nyumba. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 tu ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa. Kwa kipimo hicho, gramu 1 ya dawa inatosha kufikisha lita milioni 10 kwenye ukomo. Masuuzo ya bomba moja, basi, si jambo dogo. Yapulizwe juu ya mimea ileile iliyokwisha kupigwa dawa, ndani ya shamba.

Pingamizi zito zaidi, dhidi ya kufulia mbali na mto, ni la akina mama: maji hayako nyumbani, na kupandisha ndoo mlimani ili ufue ni adhabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini katika mabonde membamba ya Usambara mita 60 humeza shamba zima la mtu, ndiyo maana watu huipita kimyakimya. Mimi ningeanza na kinachowezekana: kufulia juu kidogo ya ukingo, na kati ya hapo na maji uwepo ukanda wa matete au majani ya Guatemala. Mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981, ulihimiza majani ya namna hiyo kwenye makinga maji, na yana bahati ya kuwa chakula cha ng'ombe wa ndani, kwa hiyo mwenye nayo ana sababu ya kuyatunza.

Udongo, hata hivyo, haushiki kila kitu. Naitrati ya chooni hupenya hadi kwenye chemchemi, kwa hiyo shimo la choo lichimbwe chini ya chemchemi na mbali nayo, kamwe lisiwe juu yake. Betri za tochi na redio hazifai kutupwa chooni wala kwenye shimo la taka: metali zake hazina bakteria wa kuzila. Pasipo na mahali pa kuzipeleka, zikae kavu kwenye kopo lenye mfuniko.