Zamu ya Kazini na Zamu ya Nyumbani

Zipo kazi zisizoweza kungoja maradhi yapite. Ugonjwa wa kuambukiza uingiapo nchini, shule hufungwa na mikutano huahirishwa, lakini lindo haliachwi wazi wala wodi haikosi muuguzi wa zamu. Askari, polisi na mganga hutoka asubuhi kwenda palepale ambapo wananchi wengine wamekatazwa kukusanyika. Jioni hurejea nyumbani, na nyumbani yupo mama mzee, au baba mwenye kisukari, au ndugu mwenye ugonjwa wa kifua. Je, mtumishi huyu atautimizaje wajibu wake bila kumletea mzazi wake mauti mlangoni?

Tulitazame swali hili kutoka Kafutuma, wilayani Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia. Huko ni ufukoni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Watu wa pande hizo mbili huvua katika ziwa moja na huuziana samaki. Kuanzia mwaka 2017 maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo waliingia wilayani humo, wakapokewa Kenani, na mwaka 2018 wakaanza kupewa makazi Mantapala. Mahali pa namna hiyo mtumishi wa umma hana nafasi ya kuchagua nani akutane naye na nani amkwepe.

Ziwa hilo ni riziki, na kwa wengi ndilo kisima. Kambi za wavuvi zikikosa vyoo, riziki hugeuka hatari. Mwaka 2017 kipindupindu kilizuka katika kambi za wavuvi za Chiengi na Nchelenge. Kuanzia Oktoba 2023 hadi mwaka 2024 kiliienea Zambia, kikawapata watu zaidi ya 20,000 na kuwaua zaidi ya 700. Korona nayo iligunduliwa nchini humo tarehe 18 Machi 2020. Na Mei mwaka huohuo mpaka wa Nakonde, unaopakana na Tunduma yetu, ulifungwa kwa muda baada ya wagonjwa wengi kupatikana hapo.

MCHUKUZI ASIYEJIJUA

Magonjwa haya mawili hayafanani, lakini yana hila moja: mtu aweza kuyachukua bila kuhisi lolote. Aliyeambukizwa kipindupindu aweza kutoa vijidudu chooni kwa siku kadhaa naye ni mzima wa kutembea. Vivyo hivyo kwa korona. Kwa hiyo askari asijipime kwa nguvu zake mwenyewe, akasema, "Mimi siumwi." Kipimo chake kiwe udhaifu wa yule anayemkuta nyumbani.

Basi kinga ianzie mlangoni. Viatu vibaki nje. Sare iloweshwe katika maji ya sabuni mara ivuliwapo, wala isitundikwe chumbani kwa mzee. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika mtoto, chombo au chakula. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yafunikwe, na yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe cha kila mkono. Wakati wa maradhi ya hewa, madirisha yafunguliwe na barakoa ivaliwe mbele ya mzee. Kuhusu salamu, wenyeji wa Luapula wanatufunza jambo: wao humheshimu mzee kwa kupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Hiyo ni adabu kamili isiyohitaji kushikana mikono.

MWUGUZAJI MMOJA, NA WA AKIBA

Mkono mmoja haulei mwana, wala haumlei mzee. Hata hivyo, maradhi yakiwa mtaani, si vema kila mtu aingie chumbani kwake. Familia ichague mtu mmoja wa kumhudumia, ikiwezekana asiyefanya kazi penye msongamano, na mwingine wa akiba iwapo wa kwanza ataugua. Mtumishi mwenyewe aweza kuchukua kazi nyingine: kununua dawa za kisukari au za shinikizo la damu kabla hazijaisha, kuteka maji, kukata kuni.

Jambo hili lipangwe mapema, kwa maana kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Nchelenge ina hospitali ya Mtakatifu Paulo, huko Kashikishi; lakini mgonjwa aliye kisiwani Kilwa au Chisenga hana budi kwanza avuke maji. Saa hizo za njiani ndizo za kufa na kupona. Kila nyumba iwe na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali. Mzee hasa asingojwe aombe maji, kwani uzee hupunguza kiu.

MZEE SI MFUNGWA

Wako watu ambao kwa hofu humfungia mzazi chumbani na kumsukumia sahani. Huko si kumlinda. Mzee asiyesemeshwa hukosa hamu ya kula, na mwili wake hulegea. Mwekeeni kiti kivulini, mketi mbali kidogo, mzungumze naye kila siku. Mwelezeni kwa upole kwa nini mjukuu hamkumbatii, asije akadhani amechukiwa.

Wakuu wa kazi nao wana sehemu yao. Askari mwenye mgonjwa nyumbani aseme mapema kwa mkuu wake, wala asione haya. Na mkuu amsikilize, kwa kuwa kubadilisha zamu au kumpa mtu malazi kambini kwa majuma machache ni jambo dogo kuliko msiba. Majirani wa kota nao washike zamu ya kuteka maji na kupika pale mwenzao anapokuwa lindoni.

Leo, maradhi yakiwa mbali, ketini kama familia mjibu maswali matatu: nani atamhudumia mzee, atalala wapi yule atokaye kazini, na nani atampeleka hospitali usiku. Nyumba yenye majibu hayo humwezesha askari wake kwenda lindoni na moyo uliotulia.